Alimaliza nyuma ya alipoanzia: mwongozo wa kutofautisha umbali na mhamo

Karibu kila anayefundisha mada hii hutumia mfano mmoja. Mkimbiaji anazunguka uwanja wa riadha mara moja, mita 400, anarudi alipoanzia. Basi umbali wake ni mita 400 na mhamo wake ni sifuri. Nami niliukariri hivyo hivyo, nikaubeba miaka mingi. Siku moja nikawa namfundisha mdogo wangu, ambaye alikuwa mkimbiaji wa shule. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kaka, mbona mimi nikipangwa njia ya 8 huwa sianzii kwenye mstari wa kumalizia?"

Nilikosa jibu. Kijana alikuwa na haki kabisa, na swali lake lilinifanya nianze mada upya. Nimeiandika hapa kwa mpangilio ambao natamani ningefundishwa nao.

Tuanze na maneno yenyewe. Umbali ni urefu wa njia yote uliyopita: kila kona, kila kuzunguka, kila kurudi nyuma kunahesabiwa. Mhamo ni badiliko la mahali, yaani mstari ulionyooka kutoka pale ulipoanzia hadi pale ulipoishia, ukiwa na urefu na mwelekeo. Vitabu vingine huuita uhamisho. Ni kitu kile kile, ila mimi nikisikia uhamisho namwona mtumishi aliyepewa barua ya kwenda kituo kipya, kwa hiyo nitashika mhamo. Kwa lugha ya fizikia, umbali ni skala, maana kipimo chake ni namba na kizio tu. Mhamo ni vekta, na bila kutaja unaelekea wapi bado hujautaja.

Hatua ya 1: Weka alama mbili kabla ya kugusa namba

Ukipewa swali lolote la mwendo, chukua kalamu uweke nukta mbili kwenye karatasi: ALIPOANZIA na ALIPOISHIA. Usianze kujumlisha kitu kabla ya hapo. Wengi hukosea mada hii kwa sababu wanaona mita 30, mita 40, mita 20, mkono unawawasha, wanajumlisha. Kujumlisha kutakupa umbali. Mhamo hauna habari na safari ya katikati. Unajali nukta hizo mbili tu. Mtu anaweza kuwa amepanda, ameshuka, amepotea njia na kuuliza, mhamo hauyaoni hayo.

Hatua ya 2: Fanya jaribio la uzi

Hili usilisome tu, lifanye. Tafuta meza ya mstatili, uzi mrefu na futi ya kupimia. Tuseme meza ina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 90.

Bandika ncha ya uzi kwenye kona moja kwa gundi ya karatasi. Uongoze uzi kwenye ukingo mrefu hadi kona ya pili, upinde, uendelee kwenye ukingo mfupi hadi kona ya tatu. Hapo ubane uzi kwa vidole viwili na usiuachie. Uzi ulio kati ya gundi na vidole vyako una sentimita 210. Huo ndio umbali.

Sasa toa uzi kwenye kingo na uuvute unyooke juu ya meza, kutoka kona ya kwanza hadi ya tatu. Utaona kwamba umezidi. Sentimita 150 zinatosha kufika, na kipande cha sentimita 60 kinaning'inia nje ya meza. Zile 150, pamoja na mwelekeo wa uzi ulionyooka, ndizo mhamo. Kipande kinachoning'inia ni gharama ya kupita kandokando badala ya kukata katikati.

Endelea. Rudisha uzi kwenye kingo na uupeleke hadi kona ya nne. Umbali sasa ni 120 + 90 + 120, yaani sentimita 330. Mhamo je? Kona ya nne imepakana na kona ya kwanza, kati yao kuna sentimita 90 tu. Malizia mzunguko: umbali 420, mhamo 0.

Ziangalie namba hizo kwa utulivu. Umbali ulikwenda 210, 330, 420. Unapanda tu, haushuki kamwe. Mhamo ulikwenda 150, 90, 0. Mita ya kilomita kwenye gari inafanya kazi kama ule uzi wa kwanza: hata ukirudi nyumbani kwa njia ile ile, haifuti kilomita ulizokwenda.

Hapa pana kipimo kizuri cha kujikagua: ukubwa wa mhamo hauwezi kuzidi umbali. Unaweza kulingana nao, pale tu mwendo unapokuwa umenyooka bila kugeuka nyuma. Ukikokotoa ukapata mhamo wa mita 80 kwa safari ya mita 70, usitafute maelezo, rudi ukatafute kosa.

Hatua ya 3: Kwenye mstari mmoja, chagua upande chanya na uushikilie

Lifti ni mfano mzuri kwa sababu ina njia mbili tu, juu na chini. Tuseme imepanda mita 12, ikashuka mita 9, ikapanda tena mita 3. Chagua juu kuwa chanya.

Umbali: 12 + 9 + 3 = mita 24.

Mhamo: (+12) + (−9) + (+3) = +6, yaani mita 6 kwenda juu.

Mwingine atachagua chini kuwa chanya naye atapata −6. Hajakosea, kwa sababu −6 yake inasema "mita 6 kinyume na chini", na kinyume cha chini ni juu. Alama ya kutoa kwenye mhamo ni mshale wa mwelekeo. Haimaanishi upungufu wala deni. Mhamo wa −6 si mdogo kuliko mhamo wa +2 kwa ukubwa; ni mkubwa mara tatu, ila umeelekea upande mwingine. Kubadilisha upande chanya katikati ya hesabu ndilo kosa lisilosameheka. Nimewahi kulifanya kwenye mtihani, na nilipoona karatasi iliyosahihishwa nilijicheka mwenyewe.

Hatua ya 4: Mwendo ukigeuka kwa pembe mraba, tenganisha pande

Mtu anatembea mita 700 mashariki, mita 400 kaskazini, mita 300 magharibi, kisha mita 100 kusini. Umbali ni rahisi: mita 1,500. Kwa mhamo, gawa safari katika mafungu mawili yasiyoingiliana.

Mashariki na magharibi: 700 − 300 = 400 kuelekea mashariki.

Kaskazini na kusini: 400 − 100 = 300 kuelekea kaskazini.

Chora sasa pembetatu mraba yenye kitako cha 400 na kimo cha 300. Kwa kanuni ya Pythagoras, 400 × 400 = 160,000, na 300 × 300 = 90,000. Jumla ni 250,000, na kipeuo chake cha pili ni 500. Mita 500.

Wengi huishia hapo na kupigia mstari jibu. Bado halijakamilika. Mita 500 kuelekea wapi? Gawa kimo kwa kitako: 300 ÷ 400 = 0.75. Pembe ambayo tanjiti yake (yaani kimo kugawa kwa kitako) ni 0.75 ni karibu nyuzi 37. Jibu kamili: mita 500, nyuzi 37 kutoka mashariki kuelekea kaskazini. Ukiandika "nyuzi 37" peke yake, msomaji hajui ulianza kupima pembe kutoka wapi, na akipimia kutoka kaskazini atafika kwingine kabisa.

Ukipata dakika mbili, zichanganye zile safari nne. Anza na kusini, maliza na mashariki, au upendavyo. Utaishia pale pale kila mara. Vekta hujumlishwa kwa mpangilio wowote, na mchoro utakushawishi kuliko maelezo yangu.

Hatua ya 5: Kwenye kona za mviringo, na sasa turudi uwanjani

Kwa nusu duara, umbali ni nusu ya mzingo na mhamo ni kipenyo. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 10 litakupa umbali wa mita 31.4 na mhamo wa mita 20. Hilo halina shida. Uwanja wa riadha ndio wenye utamu.

Uwanja wa kawaida wa mita 400 una sehemu mbili zilizonyooka, kila moja mita 84.39, na kona mbili za nusu duara. Ukingo wa ndani wa kona una nusu kipenyo cha mita 36.5, lakini hakuna anayekimbia juu ya ukingo. Njia ya 1, ile ya ndani kabisa, hupimwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo huo, kwa hiyo nusu kipenyo kinachotumika ni mita 36.8. Fanya hesabu: kona mbili ni duara zima, 2 × 3.1416 × 36.8, karibu mita 231.22. Ongeza 168.78 za sehemu mbili zilizonyooka. Mita 400, bila longolongo.

Mkimbiaji wa mita 100 hukimbia mstari ulionyooka tu, kwa kuwa sehemu iliyonyooka ya kumalizia hurefushwa kupita kona, hivyo umbali na ukubwa wa mhamo vyote ni mita 100. Wa mita 200 kwenye njia ya 1 huanza mwanzo wa kona, akaimaliza, kisha akanyoosha hadi mstari wa mwisho. Alipoanzia na alipoishia ni pembe mbili zinazotazamana za mstatili wenye urefu wa mita 84.39 na upana wa mita 73.6. Pythagoras tena: karibu mita 112. Amekimbia 200, amehama 112.

Sasa swali la mdogo wangu. Katika mita 400 kila mmoja hubaki kwenye njia yake mzunguko mzima. Kona za njia ya nje ni ndefu kuliko za ndani, hivyo kama wote wangeanza kwenye mstari mmoja, wa njia ya 8 angekimbia karibu mita 453. Ndiyo maana anasogezwa mbele, karibu mita 53 zikipimwa kwa kufuata kona. Mstari wa kumalizia ni mmoja kwa wote. Kwa hiyo anayeanzia njia ya 1 ndiye pekee anayerudi alipoanzia. Yule mkimbiaji maarufu wa vitabuni mwenye mhamo sifuri yuko njia ya 1, ila hakuna aliyetuambia.

Mchukue Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, alivunja rekodi ya dunia ya mita 400 kwa sekunde 43.03, naye alikuwa njia ya 8. Tutumie vipimo vya kawaida vya njia ya 8, ambapo nusu kipenyo ni mita 45.24. Zile mita 53 za kona, ukizinyoosha kutoka nukta hadi nukta kama ule uzi wa mezani, zinakuwa karibu mita 50. Huo ndio ukubwa wa mhamo wake: mita 50. Na mwelekeo? Kutoka alipoanzia kurudi kwenye mstari wa mwisho, ambao uko nyuma ya alipoanzia. Mtu huyo alikimbia kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kwenye mbio hizo, akamaliza mita 50 nyuma ya pale alipoanzia.

Nilipomwambia mdogo wangu hivyo alicheka, akasema ndiyo maana njia ya 8 inachosha.

Hatua ya 6: Gawa kwa muda, uone tofauti inavyouma

Umbali ukiugawa kwa muda unapata kasi wastani. Mhamo ukiugawa kwa muda unapata velositi wastani, yaani kasi iliyopewa mwelekeo. Kwa van Niekerk:

Kasi wastani: 400 ÷ 43.03 = karibu mita 9.3 kwa sekunde.

Velositi wastani: 50 ÷ 43.03 = karibu mita 1.2 kwa sekunde, kuelekea nyuma ya alipoanzia.

Mita 1.2 kwa sekunde ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Hesabu haijakosea, ila imejibu swali jingine: kama angetoka mwanzo hadi mwisho kwa mstari ulionyooka ndani ya sekunde hizo hizo, angehitaji kwenda kwa mwendo gani? Kwa hiyo swali likikuuliza velositi wastani usigawe umbali, na likikuuliza kasi usigawe mhamo. Soma neno lililoandikwa.

Usidhani mambo haya ni ya darasani tu. Sheria za riadha za kimataifa zinasema rekodi ya mbio za barabarani haikubaliwi kama mwanzo na mwisho, vikipimwa kwa mstari ulionyooka, vimeachana kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio. Marathoni ni kilomita 42.195, hivyo ukubwa wa mhamo usizidi kilomita 21 na kidogo. Sababu yake ni upepo: ukikimbia kuelekea upande mmoja tu, upepo wa mgongoni unaweza kukusukuma safari nzima, ukizunguka, upepo uliokusaidia utakutana nao usoni. Sheria hiyo hiyo huangalia pia mteremko, usizidi mita 1 kwa kila kilomita.

Mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia, saa 2:03:59, aliyoiweka Berlin mwaka 2008. Mutai alikuwa mbele kwa sekunde 57, na umbali wake ulikuwa kamili kabisa. Rekodi haikutambuliwa. Mbio za Boston huanzia mji mmoja na kuishia mwingine, tena kwa kuteremka, kwa hiyo zinakosa masharti yote mawili. Umbali haukuwa na kasoro. Kilichomponza ni mhamo, wa ardhini na wa kushuka.

Hatua ya 7: Ukipewa grafu ya velositi na muda

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa ukishaelewa hatua ya 3 hakuna jipya. Eneo lililo kati ya mchoro na mhimili wa muda ndilo mhamo, na lililo chini ya mhimili ni hasi. Kitu kinakwenda mita 4 kwa sekunde kwa sekunde 5, kisha kinageuka na kurudi kwa mita 3 kwa sekunde kwa sekunde 4. Eneo la juu ni 20, la chini ni 12. Mhamo: 20 − 12 = mita 8 kuelekea upande wa kwanza. Umbali: 20 + 12 = mita 32. Kwa umbali unayachukulia maeneo yote kuwa chanya, basi.

Umepima kutokea wapi?

Hili huwa halisemwi mapema. Wewe unayesoma ukiwa umeketi, mhamo wako kwa kulinganisha na kiti ni sifuri. Kwa kulinganisha na Jua, Dunia imekubeba. Ndani ya mwaka mmoja inazunguka njia ya karibu kilomita milioni 940. Baada ya nusu mwaka umesafiri karibu milioni 470, na mhamo wako ni karibu milioni 300, kwa sababu uko upande wa pili wa Jua. Mwaka ukitimia unarudi karibu pale pale. Kwa hiyo kabla ya hesabu, jiulize kitu gani kimesimama. Mara nyingi ni ardhi, lakini abiria anayetembea ndani ya treni inayokwenda ana mhamo mmoja kwa behewa na mwingine kwa reli, na yote miwili ni sahihi.

Jipime

Mshale wa dakika wa saa ya ukutani una urefu wa sentimita 10. Fuata ncha yake kuanzia saa 6 kamili, inapokuwa juu kabisa. Tafuta umbali na ukubwa wa mhamo baada ya dakika 15, 30 na 60, halafu ujaribu dakika 20, ambazo ni ngumu kidogo. Chora kwanza, weka nukta mbili, kisha ndipo uhesabu.

Dakika 15: umbali sentimita 15.7, mhamo 14.1. Dakika 30: umbali 31.4, mhamo 20, kwenda chini moja kwa moja. Dakika 60: umbali 62.8, mhamo 0. Dakika 20: umbali 20.9, mhamo 17.3. Ukikwama kwenye 17.3, chora pembetatu yenye pande mbili za sentimita 10 na pembe ya nyuzi 120 kati yake, uigawe katikati. Kila nusu ni pembetatu mraba yenye pembe ya nyuzi 60, na upande unaoutafuta unajitokeza wenyewe.